Rosemary Karuga na Sanaa ya Vipande

Uhakiki wa ushairi na wa riwaya umekwisha kujijengea istilahi zake katika Kiswahili. Mhakiki anapotaja fani, maudhui, dhamira, vina au mizani, msomaji hahitaji kuelezwa. Hali si hiyo katika sanaa za ufundi. Picha husifiwa kwa maneno mawili matatu, kisha mhakiki hugeukia maisha ya msanii, na hasa dhiki zake, kana kwamba dhiki ndiyo iliyoshika brashi. Msanii mmojawapo anayestahili kuokolewa kutoka katika kawaida hiyo ni Rosemary Karuga, aliyezaliwa Meru mwaka 1928 na kufariki nchini Ireland mwezi wa Februari 2021. Makala haya yanadai kwamba kazi zake, ambazo ni rahisi kuzisifu kama ushindi wa mwanamke asiye na kitu, ni kazi za msomi wa sanaa aliyekuwa na msimamo wake juu ya rangi, malighafi na hadithi. Na kwamba msimamo huo hauonekani mpaka picha zenyewe zisomwe kwa makini yale yale yanayotolewa kwa shairi.

Habari za maisha yake si nyingi, lakini zatosha. Baba yake alitoka Uganda, na mama yake alikuwa Mkenya. Mwaka 1950 aliingia Chuo cha Makerere, Kampala, akawa mwanamke wa kwanza kusoma katika shule ya sanaa ya chuo hicho. Alijifunza usanifu, uchoraji na uchongaji hadi mwaka 1952. Akarudi Kenya, akaolewa, akazaa watoto watatu, akafundisha shule kwa miaka mingi. Alipokwisha kustaafu, na kwa kuhimizwa na binti yake, akairudia sanaa. Mwaka 1987 alikuwa msanii mkaazi katika nyumba ya sanaa ya Paa ya Paa, Nairobi. Miaka mitatu tu baadaye, mwaka 1990, kazi zake zilikuwa zimetundikwa katika Studio Museum, Harlem, New York, katika onyesho la wasanii tisa wa Afrika. Miongoni mwao walikuwamo El Anatsui wa Ghana, Bruce Onobrakpeya wa Nigeria na Nicholas Mukomberanwa wa Zimbabwe. Mwanamke alikuwa yeye peke yake.

Kishawishi cha kwanza cha mhakiki ni kuitafuta Meru ndani ya picha. Ushahidi wa kubahatisha haukosekani. Katika nchi yote inayoanzia Nyambene na kuteremka hadi Embu na Mbeere, wanawake wamesuka vyondo, na kibuyu kilichopata ufa hakikutupwa, kilishonwa. Ni rahisi basi kusema kwamba mkono uliokata karatasi za rangi ulirithi kazi ya mkono ulioshona kibuyu. Kauli ya namna hiyo hupendeza masikioni, lakini haithibitishi lolote, na ina madhara yake: humnyang'anya msanii akili yake na kuikabidhi kabila.

Yafaa ikumbukwe kwamba Meru na Embu zilikwisha kuchorwa kwa njia hiyo. Mnamo mwaka 1949 serikali ya kikoloni ilianza kumlipa Joy Adamson, mzaliwa wa Ulaya ya Kati, ili awachore watu wa makabila ya Kenya wakiwa katika mavazi yao ya jadi. Alichora mamia ya picha hizo, nyingi zikahifadhiwa katika makumbusho ya Nairobi, na mwaka 1967 zikatolewa pia katika kitabu. Wamo Wameru, Waembu, Wachuka, Watharaka na Wambeere. Thamani ya picha hizo kama kumbukumbu haiwezi kukanwa. Lipo pambo la kichwa ambalo leo halijulikani ila kwa brashi ya Adamson. Lakini kwa jicho la uhakiki zina ila moja kubwa. Ndani yake vazi hutangulia uso. Mtu husimama mbele ya mchoraji ili awe mfano wa watu wa kwao, na picha ikikamilika jina linalobaki kichwani mwa mtazamaji ni la kabila. Adamson baadaye alijulikana zaidi kwa simba wake, Elsa, ambaye kaburi lake limo katika Mbuga ya Taifa ya Meru. Na si dhuluma kusema kwamba mnyama huyo alipata kwake nafsi na historia ambazo wazee wa Kimeru waliokaa mbele yake hawakuzipata.

Karuga alizaliwa katika nchi hiyo hiyo, na hakuwachora watu hivyo hata siku moja. Watu wake ni watu wa vijijini walio katika shughuli zao. Hawasimami ili watazamwe. Hawakuvikwa kabila. Ikiwa Meru imo katika kazi hizo, imo kwa kutokutajwa, nako kutotaja huko ni uamuzi wa msanii. Mtoto wa baba wa Uganda na mama wa Kenya, aliyesomea Kampala na kufundisha watoto wa watu wengine, hakuwa na sababu ya kuamini kwamba mtu huelezwa kwa shanga zake.

Elimu yake ya Makerere yahitaji kupimwa vilevile, kwa maana hapo ndipo hadithi ya msanii asiyesoma inapovunjika. Shule ile iliasisiwa na Margaret Trowell, Mwingereza aliyeanza kufundisha sanaa Makerere katika miaka ya 1930. Trowell alichelea kwamba mwanafunzi wa Kiafrika akifundishwa kanuni za Ulaya angepoteza macho yake mwenyewe. Mojawapo ya njia zake ilikuwa kuwasimulia wanafunzi hadithi na kuwataka wachore kile walichokiona akilini. Imelaumiwa njia hiyo, na kwa haki, kwa kuwa ilimfungia Mwafrika katika dunia ya hadithi na vijiji wakati dunia ya miji na siasa ilikuwa inampita. Hata hivyo ilifundisha jambo moja la maana: picha huanza katika sikio. Jambo hilo litarudi mbele, Karuga atakapokutana na Amos Tutuola.

Kati ya mwaka 1952 na 1987 kuna miaka thelathini na mitano. Ni wepesi kuuita muda huo kimya. Neno hilo lastahili kutiliwa shaka. Waliosomea sanaa Makerere karibu na wakati wake waliendelea bila kimya: Gregory Maloba alijenga sanamu ya Uhuru mjini Kampala mwaka 1962; Sam Ntiro alikuwa mchoraji, mwalimu, kisha balozi wa Tanganyika mjini London; Elimo Njau aliingia chuoni katika miaka ya 1950, na kufikia mwaka 1959 alikuwa amechora picha kubwa za ukutani katika kanisa kuu la Murang'a, ambamo maisha ya Yesu yamewekwa katika milima ya Kikuyu. Wote hao walikuwa wanaume. Karuga alirudi Kenya katika mwaka ambao hali ya hatari ilitangazwa, mwaka ambao baada yake Wameru na Waembu, pamoja na Wakikuyu, hawakuweza hata kusafiri bila vibali maalumu. Akapata darasa, chaki na nyumba ya kulea. Haifai kusema kwamba alinyamaza, wala haifai kusema, kama wasemavyo wenye huruma nyingi, kwamba alikuwa akijiandaa. Jamii ilikuwa na kazi mbili kwa mwanamke aliyesoma, kufundisha na kulea, na msanii halikuwa jina la yoyote kati ya hizo. Mwanamume aliyehitimu Makerere alipewa ukuta wa kanisa au uwanja wa jiji. Mwanamke aliyehitimu kabla yake alisubiri malipo ya uzeeni.

Aliporudi kwenye sanaa hakuwa na fedha za rangi na turubai. Alichukua karatasi za sabuni ya Rexona, pakiti za unga, magazeti na majarida, akavikata vipande vidogo na kuvibandika kwa gundi. Hapa ndipo uhakiki mwingi huishia, kwa neno umaskini. Umaskini waeleza kwa nini alianza, hauelezi alichofanya. Wako maelfu ya watu waliokuwa na pakiti tupu za unga na wasiwe Karuga.

Mpaka rangi hupata rangi kwa kuchanganya. Akitaka kijani kilichofifia, hukitengeneza. Mwenye kufanya kazi kwa karatasi zilizokwisha pigwa chapa hana uhuru huo. Rangi yake imekwisha chaguliwa na kiwanda, kwa madhumuni ya kuuza sabuni, na yeye hana budi kuitafuta mahali ilipo. Kivuli cha shavu, weusi wa mkono chini ya jua, vumbi la njia: yote hayo sharti yaokotwe kutoka katika bidhaa ambazo hazikukusudia kuyaonyesha. Kwa hiyo kila picha yake ni matokeo ya utafutaji mrefu kabla ya gundi kufunguliwa. Mtu anayeitazama kwa mbali huona umbo lililotulia. Anayesogea huona mamia ya maamuzi madogo, kila kipande na mpaka wake, na mwanga ukigawanyika juu yake kama unavyogawanyika juu ya mozaiki za makanisa ya Bizanti. Mfano huo wa mozaiki hautolewi kumpandisha cheo kwa kumlinganisha na Ulaya. Unatolewa kwa sababu shida ni ile ile: namna ya kuufanya uso wa mtu uishi kwa vitu vigumu visivyochanganyikana.

Tena malighafi hizo zina maisha yao. Sabuni na unga ni vitu vinavyopita mikononi mwa mwanamke wa nyumbani kila juma. Hununuliwa, hupimwa, huisha, ganda hubaki. Mtazamaji wa Harlem akisoma maelezo ya picha huona takataka zilizookolewa. Mtazamaji wa Kenya, hasa aliyewahi kuhesabu shilingi za unga, huona jiko. Wahakiki wamezoea kusema kwamba fani na maudhui haviwezi kutenganishwa, wakayasema hayo hata kwa kazi ambazo vinatengana waziwazi. Kwa Karuga usemi huo ni kweli kwa maana iliyo nyepesi kabisa: mwanamke anayeonekana pichani ameumbwa kwa karatasi za vitu ambavyo mwanamke huyo alivitumia.

Lugha nayo ina neno la kusema hapa. Kazi za Karuga zaitwaje kwa Kiswahili? Neno kolaji limeanza kusikika, na halina kosa, lakini halimfundishi msomaji lolote. Kiraka hakifai. Kiraka hudai nguo iliyotangulia kuwapo ikapasuka, na katika picha hizi nguo haipo, kuna viraka vitupu. Kipande kinafaa zaidi, ingawa ni neno lenye kovu. Kipande ndicho kibali ambacho mwanamume wa Kiafrika nchini Kenya alilazimishwa kukivaa shingoni tangu mwaka 1920 hivi, na wazee hawajakisahau. Lakini neno lenye manufaa kuliko yote ni lile la kawaida kabisa, kuchora. Wengi leo hulielewa kuwa ni kazi ya kalamu au brashi. Maana yake pana zaidi ni kukata alama juu ya kitu: fundi huchora nakshi juu ya mlango kwa patasi. Kupaka rangi ni tendo jingine. Ikiwa kuchora ni kuukata mstari, basi Karuga, ambaye mstari wake wote ni njia ya mkasi, ni mchoraji kwa haki kuliko wengi wanaoshika brashi. Elimu yake ya uchongaji haikupotea. Ilihamia kwenye karatasi. Katika picha zake hakuna mstari uliowekwa juu ya rangi. Mstari ni mahali rangi moja inapokomea na nyingine kuanza.

Kwamba alipata makao Paa ya Paa si jambo la bahati tu. Nyumba hiyo iliasisiwa mwaka 1965 na Elimo Njau na wenzake. Jina lake huelezwa kuwa ni paa, mnyama, anayepaa; wanasarufi wanaweza kubishana juu ya upatanisho, kwa kuwa mnyama alistahili kusemwa apaa, lakini washairi wamefanya makubwa kuliko hayo. Msimamo uliotangazwa na Njau ni kwamba kuiga humlaza Mungu usingizi. Kauli hiyo ilielekezwa kwa wachoraji walioiga Ulaya, na vilevile kwa wale waliouzia watalii picha ile ile mara mia. Karuga aliitekeleza kwa namna ambayo huenda mwenyewe Njau hakuifikiria. Karatasi zake zote zilikuwa nakala. Pakiti ya sabuni ni kitu kilichopigwa chapa mara milioni moja bila tofauti. Yeye alizikata nakala hizo mpaka zikapoteza ufanani wao, na kutoka kwazo akapata uso ambao haukupata kuwapo.

Katika kipindi hicho cha pili alitengeneza picha za riwaya ya Amos Tutuola, *The Palm-Wine Drinkard*, iliyotolewa London mwaka 1952, mwaka ule ule Karuga alipomaliza Makerere. Kuwakutanisha wawili hawa kulikuwa na busara. Katika riwaya hiyo yumo muungwana mzuri wa kupindukia anayeonekana sokoni. Msichana anamfuata, asijue kwamba viungo vyote vya mtu yule ni vya kukodi. Njiani muungwana anavirudisha kwa wenyewe, mguu hapa, mkono pale, akilipa kodi ya kila kimoja, mpaka anabaki fuvu tupu linalobingirika. Hakuna kisa katika fasihi ya Afrika kinachokaribiana zaidi na kazi ya mtu anayeumba watu kwa vipande vya kuazima. Mchoraji wa rangi angeweza kumwonyesha muungwana huyo akiwa mzima au akiwa fuvu. Sanaa ya vipande hubeba hali zote mbili kwa pamoja, kwa kuwa mtu wake mzuri amekwisha kuwa mkusanyiko wa mali za watu. Na ni hapa pia ambapo mafunzo ya Makerere, ya kuona kwa sikio, yanaelekea kulipa deni lake.

Lipo jambo jingine linalowaunganisha. Tutuola alisifiwa Uingereza kwa Kiingereza chake kisichofuata kanuni, na baadhi ya wasomi wa Nigeria wakaona haya, wakidhani kwamba mgeni anacheka. Pande zote mbili zilikosea kwa sababu moja: ziliangalia ufundi wa lugha yake kama upungufu, wa kupendeza kwa hawa na wa kuaibisha kwa wale. Karuga amo hatarini kupata hukumu ile ile, na kwake hukumu hiyo ina kasoro zaidi. Tutuola alikuwa na miaka michache ya shule. Karuga alisoma sanaa katika chuo kilichokuwa cha juu kuliko vyote Afrika Mashariki. Kumweka katika fungu la wasanii waliojifundisha wenyewe ni kosa la historia kabla hata halijawa kosa la uhakiki.

Kusema hivyo si kusema kwamba kazi zote zina uzito mmoja. Baadhi ya picha zake za wanyama na ndege ni za kupendeza tu. Humfurahisha mnunuzi na kumwacha alivyokuwa. Mahali ambapo umbo ni rahisi mno, utajiri wa vipande hugeuka pambo. Nguvu yake imo katika nyuso na katika miili inayofanya kazi. Mhakiki wa mrengo wa ukombozi atauliza pia mapambano yako wapi, katika nchi ambayo miaka ya 1980 iliwaweka waandishi na wahadhiri kizuizini. Swali ni halali, na jibu halipatikani kwa kuipa kila pakiti ya unga maana ya siasa ya bei. Picha zake ni tulivu. Zinasema juu ya kazi na juu ya jirani; juu ya dola hazisemi kitu. Huo ni mpaka wa sanaa yake, na msanii mwenye mpaka unaojulikana ni bora kuliko yule anayesingiziwa yote.

Shida iliyobaki ni ya karatasi zenyewe. Karatasi ya gazeti hugeuka manjano kwa mwanga. Wino wa pakiti haukutengenezwa ili udumu kupita siku za dukani, na kila chapa hufifia kwa kasi yake. Kwa hiyo picha ambayo rangi zake zilipimwa kwa uangalifu mkubwa hubadilika bila mpango: shavu laweza kupauka wakati kitambaa cha kichwa kikibaki kilivyo. Kazi za Karuga zimetawanyika katika nchi mbalimbali, na yeye mwenyewe miaka yake ya mwisho aliishi Ireland. Orodha kamili yenye picha za rangi, na maelezo ya kila kazi ilitengenezwa kwa karatasi za nini, ingehitaji kuandaliwa kabla tofauti kati ya alichokichagua yeye na kilichofanywa na jua haijawa vigumu kuijua. Maelezo hayo yangeweza kuandikwa kwa Kiswahili bila taabu, maana majina ya vitu vyenyewe, sabuni, unga, gazeti, mkasi, gundi, yamo katika lugha tayari.